Kibao Kilisema "Mume": Kisa cha Mti wa Bel-Air Uliotoa Maua Bila Tunda

Mama mmoja, mwalimu mstaafu hapa Lubumbashi, alikuja kwangu na pichi mbili kwenye sahani ya bati, amezifunika kwa kitambaa cheupe kama mtu anayepeleka posa. Ilikuwa Desemba, mvua imekatika muda si mrefu, na barabara za mtaa wa Bel-Air zilikuwa tope jekundu tupu. Akaweka sahani mezani, akafunua.

"Papa, muti yangu imezaa. Ile ya Bajapani. Miaka sita!"

Nilizishika. Zilikuwa na manyoya laini, shavu moja jekundu, ukubwa wa ngumi ya mtoto. Nikaomba ruhusa ya kupasua moja. Nyama ilikuwa tamu na ilibanduka kwenye kokwa bila shida, na kokwa lenyewe lilikuwa na mifereji yenye kina. Hapo nikajua nimeshika habari mbaya. Tunda alilokuwa akilingojea, ume la Kijapani, ni dogo kuliko yai la kuku, ni chachu hata likiiva, nyama yake huling'ang'ania kokwa, na kokwa hilo huwa na vishimo vidogovidogo kana kwamba limechomwachomwa kwa sindano.

"Mama, hii ni pichi."

"Pichi? Muti moja itazaa namna gani matunda ya muti ingine?"

Alikuwa amechukia kidogo, na alikuwa na haki. Ila swali lake lilikuwa zuri, na jibu lake ndilo lililotufungulia kisa chote.

Kwanza niseme kwa nini mama huyu alikuwa anautaka mti huo. Baba yake alikuwa mpishi Musoshi, kule karibu na Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia, miaka ya 1970, wakati mgodi ule ulikuwa unachimbwa na kampuni ya Kijapani. Mafundi wa Kijapani walikuwa wanakula wali mweupe na kitu kimoja chekundu katikati, kama bendera yao. Kitu hicho ni umeboshi, tunda la ume lililotiwa chumvi na kuanikwa juani. Siku moja baba alimletea binti yake kimoja, akiwa na miaka tisa. "Nilitema," aliniambia, "lakini mate ilikuwa inaendelea kuja tu." Miaka hamsini baadaye mkwe wake alipomletea mche kutoka kitalu kimoja cha Afrika Kusini, akamwambia ndio mti wenyewe wa Kijapani, mama hakuuliza mengi. Aliupanda nyuma ya nyumba, kwenye udongo wa kichuguu uliosambazwa wakati wa kujenga. Kwa mahali pa kupanda, alichagua vizuri. Udongo wetu mwekundu una asidi na umechujwa na mvua, na wa kichuguu huwa na rutuba zaidi.

Mche ulikuja na kibao cha plastiki: picha ya maua ya waridi, na chini yake jina la kisayansi, Prunus mume.

Hapo ndipo matatizo ya kibinadamu yalipoanza. Mwaka wa tatu mti ulichanua Julai, ukajaa waridi bila jani hata moja, watu wakawa wanasimama kwenye ua kuuangalia. Tunda halikuja. Mwaka wa nne vilevile. Jirani mmoja akasoma kibao, akacheka hadi akashika mbavu: "Mama, banakuandikia hapa, ni mume! Muti mulume utazaa wapi? Ukate, upande avoka." Habari ikaenea. Kwa kuwa kila mtu hapa anajua kwamba mpapai dume hutoa maua na hauzai, hoja ilionekana haina jibu.

Jina hilo halihusiani kabisa na mume wa Kiswahili. Ni matamshi ya zamani ya neno la Kijapani "ume", yaliyoingia katika jina la kisayansi kupitia Philipp Franz von Siebold, daktari Mjerumani aliyeishi Nagasaki miaka ya 1820 na kuandika juu ya mimea ya huko. Mti wenyewe asili yake ni China. Wala hauna dume na jike kama mpapai: kila ua limepangwa kuwa na sehemu zote mbili. (Na usichanganye na lile tunda jekundu la umbo la yai ambalo watu wengi wa Maziwa Makuu wanaliita "prune du Japon". Lile ni jamaa ya nyanya, halina ujamaa wowote na huu.) Pamoja na hayo, jirani alikuwa ameotea kitu bila kujua, na nitakifikia.

Nilikwenda kuuona mti kesho yake. Sikuangalia matawi, nilipiga magoti chini. Kiasi cha kiganja kimoja kutoka ardhini shina lilikuwa na uvimbe uliopinda, kama kiwiko. Juu ya uvimbe gome lilikuwa la kijivu, chini yake la kahawia iliyokoza zaidi. Pale ndipo mti ulipobebeshwa. Na chini ya uvimbe, upande unaotazama ukuta, lilitoka tawi lililonyooka kama fimbo ya mchungaji, nene kama dole gumba, likapenya katikati ya matawi mengine hadi juu. Nilichuma jani la tawi hilo na jani la juu, nikayaweka kwenye kiganja cha mama. Moja lilikuwa refu, jembamba, kama ulimi wa mjusi. Jingine lilikuwa la duara, ncha yake imevutwa ghafla kama mkia.

"Mama, hapa iko miti miwili. Mizizi ni ya pichi. Wamechukua jicho la mti wa Kijapani, wakalibandika juu. Pichi imechoka kukaa chini, imetoa mtoto wake. Njo huyo alizaa."

Alilitazama tawi lile kwa muda mrefu. "Kumbe mgeni ndiye aliyezaa," akasema kwa Kiswahili chake cha darasani, ambacho hukitoa akiwa amekasirika.

Watu wengi wangelikata tawi lile palepale na kwenda zao. Mimi nilimwomba aliache kwa muda, kwa sababu lilikuwa shahidi wangu. Kabla ya siku ile kila mtu alikuwa na mshitakiwa wake. Shemeji wa mama alisema ni sumu ya shaba iliyo kwenye udongo, na katika mji huu mtu hawezi kuipuuza hoja hiyo: kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi hapa 1911, na moshi wake umeacha ardhi kipara upande wa kaskazini-magharibi mwa bomba lile refu, kule Penga Penga, ambako upepo wa kusini-mashariki ulikuwa unaupeleka. Lupango ya mama, yaani kiwanja chake, haiko upande huo. Kijana wa bustani alisema ni njaa, akaongeza samadi. Mtu mwingine alisema ni maji, maana hapa kuanzia Mei hadi Septemba haidondoki tone, na mti huu unachanua katikati ya ukame huo. Lakini pichi ilikuwa imekula kutoka mizizi ileile, udongo uleule, ndoo zilezile za maji, na ikazaa. Udongo, samadi na maji vikaachiwa huru siku hiyohiyo.

Mshitakiwa mwingine ni joto, na huyu alistahili kusikilizwa. Miti ya jamaa hii huhitaji kipindi cha baridi ili ilale na kuamka vizuri. Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kama nyuzi 11 na nusu kusini mwa ikweta, na usiku wa Juni na Julai tunavaa makoti kweli. Ume ni mti wa kuchanua mapema na haudai baridi nyingi kama tufaha. Ushahidi mkubwa ulikuwa mti wenyewe: ulipukutisha majani yote kufikia Juni, ukachanua kwa pamoja Julai. Mti uliokosa baridi huchanua kwa kusuasua, tawi moja leo, jingine mwezi ujao, huku majani ya zamani bado yananing'inia. Joto nalo likaachiwa.

Rafiki yangu wa Bukavu aliniuliza kama angeweza kuuotesha kule, kwa kuwa wao wako juu zaidi kuliko sisi, kama mita 1,500. Nilimwambia kimo peke yake hakitoshi. Bukavu iko karibu sana na ikweta, hali ya hewa Julai na Januari hazitofautiani vya kutosha, na mti hautajua lini ulale. Wakulima wa tufaha wa Batu, Java Mashariki, wana tatizo hilohilo, nao huyang'oa majani yote kwa mkono baada ya mavuno ili kuulazimisha mti uanze upya. Anaweza kujaribu, ikiwa ana subira na vidole vya kutosha.

Basi ushahidi wote ukarudi kwenye ua. Kwa ua ilibidi kungoja Julai.

Lakini Juni nilipopita kusalimia, nilikuta nusu ya jibu imelala chini kwenye rundo. Kila mwaka kabla ya tarehe 30, sikukuu ya uhuru, lupango husafishwa: ukuta unapakwa chokaa, ua wa miti unanyolewa, na kijana wa bustani, akiwa na mkasi mkubwa mkononi, alikuwa anaunyoa na mti wa Kijapani uwe duara kama kichwa. Niliokota vijiti. Vilikuwa vimejaa matumba ya maua, yamekaa mawili mawili kwenye kila kifundo, tayari kupasuka baada ya wiki tatu. Ume hutengeneza matumba yake kwenye ukuaji wa msimu uliopita, yaani hapa kwetu wakati wa mvua. Kuukata Juni ni kutupa maua ambayo mti ulishayalipia. Tena ukatwapo namna ile hujibu kwa fimbo ndefu zenye majani mengi, wakati matunda hupenda vijiti vifupi vya urefu wa kidole. Tulikubaliana na kijana: mkasi mara tu baada ya maua kwisha, na hata hapo ni kupunguza tu. Hakupendezwa. Aliona nimemnyang'anya kazi yake nzuri.

Maua yaliyobaki yalifunguka wiki ya pili ya Julai. Asubuhi moja nilikaa na mama kwenye baraza, wembe mmoja, sahani ileile ya bati, na maua arobaini niliyochuma sehemu mbalimbali za mti. Ua la ume la kawaida lina petali tano. Haya yalikuwa na petali ishirini na zaidi, zimejazana kama sketi za harusi. Uzuri huo una gharama: petali za ziada kwa sehemu kubwa ni vijiti vya chavua vilivyobadilika kuwa petali. Nilichana ua la kwanza katikati, kutoka juu hadi kwenye kikonyo. Ndani, mahali ambapo ungetarajia kuona kijiti kimoja cha kijani kinachosimama juu ya kifuko cha yai, palikuwa na nukta nyeusi tu, kama kichwa cha njiti ya kiberiti iliyozimwa. La pili vilevile. La tatu lilikuwa na kijiti, lakini kifupi, kimejikunja chini. Mama akanyang'anya wembe, akaanza kuchana mwenyewe, akiyapanga maua katika mafungu kama anayesahihisha daftari.

Tulipomaliza, maua ishirini na saba yalikuwa tasa kabisa. Kumi na tatu yalikuwa na kijiti kizima, kirefu, chenye kifuko cha kijani chini yake.

Ndiyo maana nasema jirani alikuwa ameotea. Maua mengi ya mti ule, kwa kazi, yalikuwa kama dume: yana chavua kidogo na hayana tumbo. Hali hii hutokea hata kwa aina za ume zinazolimwa kwa matunda, ila kwa aina za mapambo, hasa zenye petali nyingi, ni jambo la kila siku. Watu waliozichagua walikuwa wanatafuta uso. Wajapani wenyewe huzitenganisha: ume za maua upande mmoja, ume za matunda upande mwingine, na Nanko ya mkoa wa Wakayama ndiyo yenye jina kubwa kati ya hizo za pili. Kitalu kilichomuuzia mkwe wa mama hakikudanganya kwenye kibao, kiliweka picha ya maua. Tulichohadaika nacho ni neno "Kijapani".

Lakini kumi na tatu kati ya arobaini si haba. Mti mzima ukiwa na maua maelfu, theluthi yake ingetosha kuvunja matawi. Kwa nini basi hakuna hata tunda moja?

Kwa sababu aina nyingi za ume hazikubali chavua chake chenyewe. Chavua kikitua kwenye ua la mti uleule, hata kama ni ua la tawi jingine, huanza kuota, kisha kijiti kinakitambua kuwa ni cha nyumbani na kukizuia njiani kabla hakijafika kwenye yai. Na miti yote iliyobebeshwa kutoka aina moja ni mtu mmoja mbele ya sheria hiyo, hata ukipanda kumi. Pichi haina masharti hayo, hujizalisha yenyewe, ndiyo maana tawi moja la kichokozi lilizaa likiwa peke yake. Hata Nanko, pamoja na sifa zake zote, hupandwa na aina nyingine pembeni. Kule Minabe na Tanabe, mkoani Wakayama, ambako mfumo wao wa kilimo cha ume uliorodheshwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2015 kuwa urithi wa kilimo wa dunia, nyuki wa asili wa msituni ni sehemu ya shamba kama vile jembe.

Sisi nyuki tunao, tena wakali. Kilichokosekana ni mgeni wa kubebewa chavua.

Nilimkumbuka mteja mmoja wa mtaa wa Golf aliye na ume mweupe, petali tano, ulioota kutokana na kokwa. Ulikuwa unachanua wiki ileile. Alikubali nikate matawi sita. Nilivuka mji kwa teksi nikiwa na ndoo ya maua kati ya magoti, dereva akaniuliza nani amekufa. Tulifunga ndoo mbili zenye maji katikati ya matawi ya mti wa mama, matawi meupe yakiwa ndani, na kila asubuhi kuanzia saa tatu, jua likishapasha moto, nyuki walizunguka kutoka weupe kwenda waridi. Kwenye tawi la chini sikuwaachia nyuki peke yao: nilipapasa maua kwa unyoya wa kuku, meupe kwanza, kisha ya waridi.

Mwaka huo, kwa kuwa mkasi ulikuwa umeshakula maua mengi, zilifunga punje kumi na moja. Zilianguka kadhaa Septemba, ndege wakachukua zao, nne zikafika mwisho wa Oktoba. Mama alizila zote kwa macho tu.

Hapa nitoe onyo, maana mkwe alijitolea kuleta vijiti vya Nanko ndani ya sanduku. Nilikataa kabisa. Jamaa hii ya miti ina ugonjwa wa virusi uitwao sharka, unaobebwa na vijiti vya kubebeshea na kusambazwa na vidukari. Mwaka 2009 uligunduliwa kwenye miti ya ume mjini Ome, karibu na Tokyo, na mwaka 2014 bustani yao maarufu ya Yoshino Baigo ikalazimika kukata miti yote iliyobaki. Kijiti kisicho na cheti cha afya ya mimea hakivuki Kasumbalesa kwa mkono wangu. Februari iliyofuata, mvua zikiwa nyingi na gome likibanduka vizuri, nilichukua macho manane kwenye mti mweupe wa Golf na kuyabebesha kwenye matawi ya mti wa mama, nikayafunga kwa utepe wa nailoni. Matano yakashika. Yakikomaa, ndoo hazitahitajika.

Mwaka wa pili tulirudia ndoo, mkasi ukafichwa hadi Agosti, na mama akamwagilia mara mbili kwa wiki tangu maua yalipoanguka. Tulifunika matunda kwa mifuko ya karatasi ili nzi wa matunda wasitoboe. Mwisho wa Oktoba, na mvua za kwanza, alichuma kilo moja na robo. Wajapani huvuna Juni, mvua zao zinapoanza, na majira hayo huyaandika kwa herufi zinazomaanisha mvua ya ume. Mama alipenda sana kusikia hivyo.

Wajukuu walikatazwa kuonja mabichi na kuvunja makokwa: tunda la kijani na kiini cha kokwa vina kitu kinachotoa sayanidi tumboni. Mama alingoja yawe ya njano na kunukia, akayaosha, akayatoa vikonyo kwa kijiti cha meno, akapima chumvi gramu 180 kwa kila kilo, akapanga kwenye chupa kubwa na kuweka jiwe safi juu. Siku ya tatu maji yake yenyewe yalikuwa yameyafunika. Kuanika ndiko kulikosumbua, maana Novemba jua letu si la kuaminika. Aliyaacha kwenye maji ya chumvi karibu mwezi mzima, hadi zikapatikana siku tatu kavu mfululizo, akayatandaza kwenye ungo juu ya paa la banda la kuku. Majani mekundu ya shiso, yanayotia ile rangi nyekundu, hakuwa nayo, kwa hiyo yalibaki rangi ya kahawia.

Aliniita siku ya kuonja. Alitia moja juu ya bukari ya moto, ugali wetu, akakata kipande, uso wote ukakusanyika katikati. Alinyamaza. "Njo hii," akasema, akafuta macho, sijui kwa chumvi au kwa Musoshi.

Tawi la pichi tulitaka kulikata siku hiyohiyo, kwa kuwa kazi yake ya ushahidi ilikuwa imekwisha na lilikuwa linanyonya mti. Wajukuu wakapiga kelele. Tukakubaliana makokwa ya pichi yapandwe kwanza kando ya ukuta, mawili yakaota, ndipo msumeno ukapita.

Kibao cha plastiki bado kiko pale. Nilipopita juzi nilikuta mama ameandika kwa kalamu nyeusi chini ya lile neno: "Bibi yake iko Golf." Nikamwambia amekosea, anayetoa chavua ni yule wa Golf, kwa hiyo mume ni yule, na huyu wake ndiye mke.

"Basi ni mume gani huyo," akasema, "anakuja na ndoo?"